Duara la Kikombe

Sogeeni karibu, wajukuu wangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ukae.

Hadithi ya leo nimeitunga mimi mwenyewe, lakini mto ni wa kweli, mvua ni ya kweli na tarehe nitakazotaja ni za kweli. Binti wa hadithi hii simpi jina, maana hapa kwetu Mulongwe, mjini Uvira, wako watoto wengi wanaoweza kusema, "Huyo ni mimi."

Mnaijua tarehe 1 Agosti. Nchi yetu yote ya Kongo hupumzika siku hiyo, kwa kuwa ni Siku ya Wazazi, walio hai na waliotangulia. Asubuhi watu huenda makaburini na majembe, mapanga na ndoo za maji. Wanafyeka majani, wanaosha misalaba, wanapaka rangi upya majina yaliyofifia. Mchana wanarudi nyumbani kula na wazazi walio hai, na hapa Uvira harufu ya samaki mukeke wa kuchoma hutoka karibu kila ua.

Basi, jioni moja ya Julai 2024, binti wa miaka tisa alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, pamoja na mama yake. Akauliza:

"Mama, Agosti sisi tunakwenda kusafisha kaburi la nani?"

Mama hakujibu. Alikuwa na ndagala mmoja mkononi, akamshika vile vile kwa muda mrefu.

Ili mwelewe kwa nini mama alinyamaza, lazima niwaeleze mto wetu. Mulongwe unazaliwa juu, katika milima ya Mitumba, na mnaona wenyewe jinsi milima ilivyotukaribia: mlima huku, ziwa kule, mji umebanwa katikati. Mto hauna nafasi ya kutembea polepole. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanateremka kwa kasi na kubeba kila kilicho njiani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 yaliteremka na mawe makubwa, miti mizima na tope. Mulongwe ukaacha njia yake ukapita katikati ya nyumba za watu. Wakafa zaidi ya watu 40. Maelfu ya nyumba yaliharibika, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila pa kulala. Wako waliopelekwa hadi ziwani wasionekane tena.

Koko wa binti huyu, yaani bibi yake, alikuwa mmoja wao. Binti alikuwa na miaka mitano. Familia ilikaa kilio bila mwili, wazee wakazungumza, kilio kikaondolewa, watu wakatawanyika. Kaburi halikuwepo. Kilichopatikana ni kikombe tu. Jirani alikiokota kwenye tope siku tatu baadaye: kikombe cha bati cheupe, chenye ua jekundu ubavuni, na mkono wake umefungwa kwa waya. Kwa waya ule wakajua ni cha koko, maana alikuwa ameufunga yeye mwenyewe.

Kikombe hicho kilikuwa kipimo chake. Koko alikuwa anapika bitumbura kila alfajiri na kuviuza kando ya barabara. Vikombe vinne vya unga, nusu kikombe cha sukari, amira, maji ya vuguvugu. Na cha kwanza kutoka katika mafuta hakukiuza kamwe. Alikipoza kwa kukipuliza, akampa mtoto yeyote aliyepita karibu, awe wake au wa jirani, akisema, "Cha kwanza ni cha mtoto."

Sasa turudi kwenye ndagala. Mama alipopata sauti akamwambia binti yake, "Kamwite mjomba wako."

Mjomba alikuwa fundi wa kujenga. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Kaburi siwezi kumjengea asiyekuwemo. Lakini jiwe la kumkumbuka naweza. Ila lazima wakubwa wakubali, na lazima tujue tunaandika nini."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuanza na simenti. Ilianza na jina.

Binti alikuwa anamjua koko kwa neno moja, "koko". Majirani walimwita mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kadi yake ya mpiga kura ilikwenda na maji. Ikabidi binti atumwe kwa dada wa koko, mzee asiyeona vizuri, na mzee yule akamtajia jina ambalo hata mama yake binti alikuwa halijui: jina koko alilopewa siku aliyozaliwa. Kisha wakaenda parokiani, wakaomba kitabu cha ubatizo kifunuliwe. Jina likaonekana, limeandikwa kwa wino wa zamani, na tarehe ya ubatizo pembeni. Binti akalinakili herufi kwa herufi. Mimi silitaji hapa. Ni la familia.

Niwaambie jambo kuhusu majina na mawe. Ng'ambo ya ziwa, Burundi, kusini kidogo ya Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, liko jiwe kubwa lenye majina mawili ya wasafiri wageni, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wale walilala pale siku mbili, na hadi leo tunajua. Majina ya waliowapigia makasia hayamo. Na hata hayo majina mawili hayatuambii chochote kuhusu sauti zao wala walichopenda kula. Jina na tarehe humtambulisha mtu. Kwa mtoto aliyekula mkononi mwa mtu huyo, hivyo viwili havitoshi.

Mjomba alipouliza waandike nini chini ya jina, yeye mwenyewe alipendekeza "Pumzika kwa amani". Ni maneno mazuri, na yako kwenye misalaba mingi. Lakini binti akatikisa kichwa. Akasema, "Tuandike cha kwanza ni cha mtoto."

Mama akalia hapo hapo, na mjomba akageuka kutazama mlima.

Kisha likaja suala la kikombe. Binti alitaka kizikwe ndani ya simenti, ubavu wenye ua ukiangalia nje. Wazo hilo si geni katika Uswahili. Huko pwani ya Tanzania na Kenya, Kunduchi na Kaole kwa mfano, wazee wa karne nyingi zilizopita walijenga makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe, na ndani ya chokaa wakapachika mabakuli na sahani za kauri zilizosafirishwa kwa jahazi kutoka mbali, nyingine Uchina. Vyombo vya mezani viliwekwa juu ya kaburi ili kumpa marehemu heshima. Lakini ukienda leo, vingi vya vyombo hivyo vimeng'olewa au kuvunjika. Yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa, na kwa shimo unajua kwamba hapa palikuwa na bakuli.

Mjomba alikuwa hajafika pwani, lakini kwa ufundi wake alijua bati huliwa na kutu. "Kikizama humu," akasema, "baada ya miaka michache mvua itakimaliza. Na mama yako atapimia nini unga?"

Wakakubaliana hivi: kikombe kibaki, alama yake iwe kwenye jiwe.

Mahali walichagua juu, nyuma ya nyumba ya mjomba upande wa mlima, mbali na mto na mbali na ufuo. Walikuwa na sababu. Miezi michache kabla, ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda na kuingia katika nyumba na barabara za kando yake. Mtu aliyechukuliwa na maji, jiwe lake haliachwi lichukuliwe na maji tena.

Siku ya kazi ilifika. Mjomba alichanganya ndoo tatu za mchanga na ndoo moja ya simenti, akamtuma binti bombani kuleta maji. Binti akasimama na dumu tupu.

"Mjomba, maji ya bomba yanatoka wapi?"

"Yanatoka Mulongwe, mama. Regideso, kampuni ya maji, inayachota huko juu, inayasafisha, yanateremka hadi kwetu."

"Mto ule ule?"

"Ule ule."

Binti akakaa chini. Mjomba hakumharakisha. Mwishowe akamwambia kwa sauti ya chini, "Koko wako alikandia unga kwa maji hayo maisha yake yote." Binti akainuka, akaenda bombani, akarudi na dumu limejaa.

Sasa tazameni vizuri, maana mkiwa na jiwe lenu mtahitaji kujua. Simenti ikishamwagwa kwenye umbo la mbao na kusawazishwa, usiandike mara moja, herufi zitajifunga. Usichelewe pia, itakuwa ngumu. Unagusa kwa kidole: kikiacha alama bila kunasa, wakati umefika. Binti alikuwa amefanya mazoezi kwenye karatasi ya ukubwa ule ule, na vizuri alifanya, maana mara ya kwanza jina lilimwishia nafasi kabla halijaisha. Akaandika kwa msumari mrefu, polepole, mjomba akimshika kiwiko. Jina. Mulongwe. 17 Aprili 2020. Cha kwanza ni cha mtoto.

Kisha mama akachovya kidole kwenye mawese, akapaka ukingo wa kikombe ili simenti isigande. Akampa binti. Binti akakigeuza mdomo chini, akakikandamiza chini ya maandishi, akahesabu hadi kumi, akakiinua. Likabaki duara moja safi, na upande mmoja alama ndogo ya waya.

Wakalifunika jiwe kwa magunia yaliyoloweshwa, wakayamwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, maana simenti ikikauka haraka juani hupasuka.

Tarehe 1 Agosti familia nyingine zilipokwenda makaburini, wao walipanda nyuma ya nyumba ya mjomba na ndoo na kitambaa. Hapakuwa na majani ya kufyeka, jiwe lilikuwa jipya. Binti aliliosha hata hivyo. Mama alikuwa amepika bitumbura tangu alfajiri, akipimia kikombe kile kile, na cha kwanza alipewa mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia.

Si lazima liwe jiwe, wajukuu wangu. Mshairi Shaaban Robert wa Tanga alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, na linasomwa mpaka leo. Jirani zetu Waislamu wengi hupenda kaburi lisilo na mapambo, na marehemu wao humsomea hitima. Wako wanaompa mtoto mchanga jina la babu. Ulizeni kwanza wakubwa wa nyumba yenu wanaridhia nini, na msifanye jambo kwa siri.

Lakini jina lisisubiri mafuriko. Usiku huu, kabla hamjalala, kila mmoja amuulize koko wake jina alilopewa siku aliyozaliwa, nani alimpa, na chakula gani alikuwa anapikiwa na mama yake. Muandike kama atakavyotamka. Daftari na kalamu viko pale juu ya meza.