Anayekusaidia kudai haki yako, anapaswa kukata ngapi?



Katika miji yetu ya migodi, karibu kila jamaa inajua kazi ya kungojea feza. Kungojea mushahara, kungojea hesabu ya mwisho, kungojea pensheni ya baba aliyekufa. Wengi wanakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipotoka kazini kwa mupango ulioitwa «départ volontaire». Hata kiisha kupokea, wengi waliendelea kudai kwa miaka yale waliyosema yalibaki.

Na mahali watu wanangojea feza, mutu mwingine hakawii kubisha mulango. Ana kalamu, ana karatasi, na kinywa chake ni kitamu: «Papa, nipe ile dosye. Miye najua bakubwa. Weye ukae paka, mi njo nitatembea. Feza ikitoka, tutagawanya.»

Mutu huyu ni musaidizi ao ni mwivi? Ni vigumu kujibu kwa haraka. Kwa hiyo tuangalie inchi moja ambako jambo hili lilitokea mbele ya watu wote, na hesabu yake ikaandikwa. Inchi ile ni Uingereza. Tutaanza na wachimbaji wenzetu, kisha tutaenda kwa banki.

VUMBI LA MAKAA YA MAWE

Kwa miaka mingi wanaume wa Uingereza walishuka chini ya udongo kuchimba makaa ya mawe. Vumbi liliingia ndani ya mapafu yao, na kwa uzee wakakosa pumuzi hata ya kupanda ngazi. Wengine walishika mashini za kutoboa mawe, zikatikisa mikono yao siku zote, mpaka vidole vikageuka vyeupe na kukosa kusikia kitu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1998, tribinali kubwa ilikata neno: British Coal, kampani ya serikali, haikuwalinda watu wake na vumbi lile. Mwaka uleule iliamuliwa vilevile juu ya wagonjwa wa vidole. Serikali ikabeba deni. Madai karibu 760 000 yakaletwa: ya wazee, ya wagonjwa, ya wajane, ya watoto wa wale waliokwisha kufa.

Sasa musikilize vizuri. Serikali ilikubali kulipa vilevile kazi ya maavoka kwa kila dosye iliyoshinda. Ni kusema, muchimbaji hakupaswa kutoa kitu. Fidia yake, yaani malipo ya hasara ya mwili wake, ilipaswa kufika mikononi mwake nzima.

Lakini maavoka wengine, pamoja na makampani yaliyotembea nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, waliwatilisha wazee sahihi kwenye karatasi ya pili. Karatasi ile ilisema: ukipata, tutakata sehemu yetu. Hivi walilipwa mara mbili kwa kazi moja: na serikali, tena na mutu asiye na pumuzi.

Jambo lilipojulikana, mujumbe mumoja wa bunge aliwafuata bila kuchoka, na maavoka wengi wakarudisha feza. Mwezi wa 12 mwaka 2008, maavoka wawili wa muji wa Doncaster waliondolewa katika kazi yao.

Angalieni: hakuna aliyevunja mulango usiku. Karatasi ilikuwa na sahihi ya muzee mwenyewe. Lakini sahihi ya mutu ambaye hakuambiwa kwamba musaidizi wake amekwisha kulipwa, ni sahihi ya namna gani?

ASIRANSI ISIYOSAIDIA KITU

Jambo la pili linahusu mikopo ya watu wa kawaida. Mutu akienda banki kukopa feza ya nyumba, ya motokari ao ya shida nyingine, banki ilimuuzia tena asiransi. Walimwambia: ukigonjwa ao ukifukuzwa kazini, asiransi hii italipa deni pahali pako. Neno lenyewe ni zuri. Lakini wengine waliuziwa bila kujua. Ilikuwa tu ndani ya hesabu ya mukopo. Wengine walikuwa wamekwisha kuingia pensheni, ao walijitumikia wenyewe, na asiransi ile haingewalipa hata siku moja.

Tuchukue mufano mumoja uliofika mpaka kwenye tribinali ya juu kabisa. Mwaka 2006, mama mumoja mujane wa miaka 59, mwalimu wa chuo, alikopa paundi 34 000 kwa miaka 10. Wakamwongezea asiransi ya paundi 5 780, ambayo ingemulinda miaka 5 tu. Juu ya kila paundi 100 alizotoa kwa asiransi ile, karibu 72 zilikuwa komisyon ya wale waliomuuzia na kumukopesha. Hawakumwambia. Mwezi wa 11 mwaka 2014, waamuzi walisema kwamba kumuficha jambo kama lile haikuwa haki.

Banki hazikukubali kurudisha feza kwa upole. Zilienda tribinali kupinga masharti mapya, zikashindwa mwaka 2011. Toka pale mulango ukafunguka. Mpaka siku ya mwisho ya kudai, tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2019, watu wakaja kwa mamilioni. Kwa jumla banki zilirudisha zaidi ya paundi miliari 38.

NDIPO KOMISIONERI AKAJA

Feza nyingi namna ile haiwezi kupita njiani bila kuonekana. Makampani mengi yakazaliwa yenye kazi moja tu: kudai pahali pa mutu mwingine. Walipiga simu asubuhi na magaribi, walituma maneno madogo kwa telefone: «Feza yako iko inakungojea.» Watu walisumbuliwa hata wakiwa mezani.

Bei yao ilikuwa gani? Wengi walikata 25% ao zaidi, pamoja na kodi juu yake. Tufanye hesabu. Mutu anarudishiwa paundi 3 000. Robo yake ni 750. Kodi juu ya ile 750 ni 150. Jumla ni 900. Anabaki na 2 100.

Na kazi waliyofanya ilikuwa nini? Mara nyingi ilikuwa kujaza karatasi na kuituma banki. Mutu mwenyewe angeweza kuijaza bure. Banki ikikataa, kulikuwa na ofisi maalumu ya kusuluhisha watu na banki. Ofisi ile haimuombi mulalamikaji kitu. Banki ndizo zinazolipa kazi yake.

Mwaka 2016 wakaguzi wa hesabu za serikali walikadiria kwamba, toka 2011 mpaka 2015, makampani yale yalichukua kati ya miliari 3,8 na miliari 5. Feza ile ilikuwa fidia ya watu waliokwisha kudanganywa mara moja. Wa kwanza aliwauzia asiransi ya bure, wa pili aliwauzia njia ya bure.

Tena kulikuwa na uongo wa upande mwingine. Madai mengine yaliletwa kwa majina ya watu ambao hawakununua asiransi ile hata kidogo. Makampani yalitupa nyavu kila mahali, labda samaki atapatikana. Matokeo ni nini? Mustari ukawa murefu, na yule mwenye haki ya kweli akangojea zaidi. Kudai kisicho chako hakumuumizi tajiri peke yake. Kunamuumiza masikini anayekufuata katika mustari.

TUSIHUKUMU UPANDE MUMOJA

Lakini tuseme kweli yote. Kama makampani yale yasingepiga kelele, watu wengi hawangejua kwamba wana haki. Kuna muzee anayeogopa barua ya banki kama anavyoogopa nyoka. Kuna mugonjwa asiyeweza kufanya mustari. Kuna mutu aliyepoteza karatasi zote na hajui aanzie wapi. Yule anayeketi naye, anayetafuta karatasi zake, anayerudi mara tano kwenye ofisi, amefanya kazi. Na mutumishi anastahili mushahara wake.

Tena banki zenyewe zilipenda sana kuwaonyesha makomisioneri kidole. Lakini nani aliyefanya njia iwe ngumu? Kama banki ingerudisha feza bila kungojea kuombwa, komisioneri angepata wapi kazi? Pahali panapo mulango wazi, hakuna mutu anayelipa ili aonyeshwe dirisha.

Kwa hiyo Uingereza haikukataza kazi hii. Iliifunga kamba. Sheria ya mwaka 2006 ilisema kwamba kampani ya namna hii inapaswa kuwa na ruhusa. Ikaanza kutumika mwaka 2007. Mwaka 2018 wakaweka mupaka kwa madai ya asiransi ile: kampani isikate zaidi ya 20%, pasipo kodi. Toka mwezi wa 4 mwaka 2019, ofisi ileile inayochunga banki inachunga vilevile makampani haya.

Je, shida imekwisha? Hapana. Kiisha kulitokea jambo lingine kama lile, juu ya mikopo ya kununua motokari na komisyon zilizofichwa. Mwaka 2025 ofisi ya uchungaji iliwaambia watu tena: munaweza kudai wenyewe, bila avoka na bila kampani, na mukipita kwao munaweza kupoteza zaidi ya 30%. Maneno ni yaleyale, kwa sababu komisioneri naye ni yuleyule.

MAULIZO MATATU MBELE YA KUTIA SAHIHI

Mambo ya Uingereza yanatufundisha maulizo matatu. Yanafaa kwa avoka, kwa mutu wa sindikati, kwa komisioneri wa njiani, hata kwa ndugu yako.

Ya kwanza: Je, kuna njia ya bure? Musaidizi muaminifu atakujibu kweli, hata kama jibu lile litamukosesha kazi. Hapa ndipo utamujua.

Ya pili: Nani mwingine anakulipa kwa dosye yangu? Wachimbaji wa Uingereza hawakuuliza ulizo hili, na liliwagalimu sana.

Ya tatu: Mwishoni utakata ngapi? Usikubali kusikia «feza kidogo» ao «tutaelewana». Aseme hesabu, aiandike, na wewe ubaki na fotokopi. Kama anaomba feza mbele kazi haijafanyika, umuogope. Kama anataka kubaki na karatasi zako za kweli, umuogope zaidi.

NA SISI TUNAOSOMA?

Tumesema juu ya makampani ya mbali. Lakini wewe unayesoma ukurasa huu, labda ni wewe unayejua kuandika barua katika jamaa yako. Labda ni wewe unayesema Kifaransa vizuri, unayejua mulango gani wa biro unafunguka. Siku moja bibi ya marehemu ndugu yako atakuja na mufuko wa plastiki umejaa karatasi za mumewe, na kusema: «Baba, shiye hatuyue kusoma. Utusaidie.»

Siku ile wewe ndiwe komisioneri.

Ukitembea kwa miguu, ukilipa taksi, ukikosa siku ya kazi, umwambie wazi: nimetumia hivi na hivi, na kazi yangu ni hivi. Hakuna haya ndani yake. Lakini ukihesabu bei yako kwa kuangalia yeye hajui ngapi, umekuwa ndugu ya wale waliomukatia muzee asiye na pumuzi. Bei ya haki inapimwa kwa jasho lako. Haipimwi kwa ujinga wa mwenzako.

Na siku feza inapotoka, ihesabiwe mezani, mbele ya mujane na watoto wake, karatasi ya banki ikiwa wazi. Musaidizi wa kweli haogopi meza ile.

MUZUNGUMZE NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani anashika karatasi za kazi na za pensheni? Je, bibi na watoto wakubwa wanajua ziko wapi?

2. Mutu akitusaidia kupata feza, tunaona malipo gani kuwa ya haki: sehemu ya feza yote, ao bei ya kazi aliyofanya? Juu ya nini?

3. Je, tumekwisha kudai kitu kisicho chetu kwa kuwa «feza ni ya kampani»? Nani aliumia?