Mbwa Abwekaye Usiku Kucha Halindi Boma

Mkulima, kabla hujasoma zaidi, jiulize swali moja. Jana usiku mbwa wako alipobweka, je, uliondoka kitandani ukaenda kutazama? Kama hukuondoka, basi mbwa yule unamlisha bure, na huenda siku moja atakutia hasara kubwa.

Mtu wa skimu hufuga mbwa ili apate kuamshwa. Mbwa mmoja hawezi kuwashinda wezi watatu wenye mapanga. Kazi yake ni kama kengele ya shule: ikilia saa yake watoto huingia darasani, lakini ikilia kutwa nzima hakuna mtoto atakayeinua kichwa.

Mwaka uliopita walikuja ofisini kwetu majirani wawili, mzee na kijana, wakitaka waonyeshwe ramani ya mpaka wao. Nikaitoa, tukaitazama, na mpaka ulikuwa pale pale ulipopimwa. Hapo ndipo maneno ya kweli yalipotoka. Kijana alisema, "Mzee, mimi sigombei shamba. Mbwa wako amenimaliza. Mama watoto amejifungua juzi, na tangu siku hiyo hatujalala." Mzee akamjibu, "Kijana wangu, mbwa asipobweka afanye kazi gani?"

Lakini mzee mwenyewe ndiye aliyetueleza kwamba miezi miwili kabla ya siku ile aliibiwa mtamba wa gredi mwenye mimba. Mbwa alibweka usiku ule wote, naye mzee akajifunika blanketi, kwa kuwa alibweka hivyo kila usiku. Mzee alipotoka nje kwenda kunywa maji, kijana aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amekwisha kununua sumu ya kutia katika nyama.

Nilimwomba asifanye hivyo, nami nakuomba wewe vile vile. Nyama ya sumu haichagui mwenye makosa. Italiwa na mbwa wa mtu mwingine, au paka wako, au itaokotwa na mtoto. Tena haitakurudishia jirani mwema.

Shida hii yatokana kwa sehemu na jinsi tunavyokaa. Mashamba mengi ya skimu zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1962 yalikatwa kutoka katika mashamba makubwa ya walowezi. Zamani mbwa wa mlowezi alisikiwa na mwenyewe na watumishi wake tu. Leo katika ardhi ile ile ziko nyumba nyingi zilizofuatana kando ya njia, na mbwa mmoja akianza, wa pili humjibu, na kelele husafiri mpaka mwisho wa kilima. Tena mbwa husikia mambo tusiyoyasikia. Sikio la binadamu hukoma kwenye sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, lakini la mbwa hufika kama 45,000. Kwa hiyo usiseme upesi kwamba anabweka bure. Ipo sababu, nawe yakupasa kuitafuta.

Njia ya kuitafuta si ngumu. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa chache. Kwa siku saba andika saa mbwa anapobweka, ametazama upande gani, na nini kilimnyamazisha. Mzee yule alicheka nilipomwambia hivi, akasema ni kazi ya karani. Hata hivyo mjukuu wake aliandika, na siku ya saba waliona jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa miaka miwili: mbwa alianza kubweka magari ya maziwa na pikipiki zilipopita alfajiri, akaendelea kutwa kwa kila mpita njia, na usiku alibweka zaidi siku ambazo hakupewa chakula.

Nilipofika kwake nilimkuta mbwa amefungwa kwenye mnyororo usiozidi hatua mbili, mbele ya lango, juani, na sufuria ya maji imepinduka. Alifungwa hivyo mchana na usiku. Mbwa wa namna hii huona kila kitu wala hawezi kukifikia, na tena huona kwamba kubweka kwafaa sana: yeye hubweka, mpita njia huenda zake, naye hudhani ndiye aliyemfukuza. Kila siku hupata ushindi mara hamsini. Atakomaje?

Kwa hiyo kwanza mwondoe mbele ya njia. Mweke nyuma ya nyumba au karibu na zizi, mahali penye kivuli, na kibanda kisichovuja chenye sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini. Kama una ua mzuri wa kayaba usio na matundu, mfungue usiku azunguke ndani yake. Kama hauko, chukua waya wa chuma usio na miiba, uufunge baina ya miti miwili iliyo mbali kwa hatua kumi na tano au ishirini, utie pete katika waya, na mnyororo uufunge kwenye pete ile. Mbwa ataweza kukimbia huku na huku. Funga kizuizi kila upande ili mnyororo usijizungushe kwenye mti, wala usimweke karibu na ukuta anaoweza kuuruka akajinyonga. Hata hivyo waya haumtoshi mbwa. Asubuhi mchukue mwende pamoja kutazama mahindi au kupeleka maziwa, ukimshika kwa kamba. Mbwa aliyetembea hulala.

Mpe maji safi kila siku katika chombo kizito kisichopinduka, na chakula kwa saa ile ile, jioni. Ugali na maziwa peke yake haumtoshi. Mwongezee omena au nyama iliyopikwa. Matumbo na maini mabichi ya kondoo au mbuzi usimpe kabisa, hasa yenye malengelenge ya maji, kwa maana humpa minyoo ambayo mayai yake huwadhuru watu wa nyumba yako. Mtazame pia masikioni na katikati ya vidole. Mbwa aliyejaa kupe na viroboto hana raha, na asiye na raha hanyamazi. Dawa ya kupe mwulize daktari wa mifugo. Usimpake ile ya josho kwa kukisia, maana wengi wameua mbwa wao hivyo.

Sasa tufike kwenye mafundisho yenyewe. Watu karibu wote hukosea hapa. Mbwa akibweka, bwana wake hupaza sauti toka kitandani, "Nyamaza!" Mbwa hajui Kiswahili chako. Yeye husikia tu kwamba bwana naye anabweka, akafurahi kupata msaada. Wengine humtupia mfupa ili anyamaze, na hao humlipa mshahara wa kelele. Wengine humpiga, akajifunza kumwogopa bwana na kumwuma mtoto. Wako pia wanaomfunga mdomo kwa kamba. Jambo hili ni la hatari: mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ila kidogo katika nyayo, hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mfunge mdomo siku ya jua kali, na waweza kumkuta amekufa. Nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, yakataza kumtesa mnyama.

Fanya hivi. Mwache abweke mara mbili au tatu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Nenda utazame kile anachokitazama. Kisha simama karibu naye, useme "Kimya" mara moja kwa sauti ya chini. Ngoja. Hapana budi atapumua. Mara akomapo, hata kwa kuhesabu tatu tu, mpe kipande kidogo cha chakula na umsifu. Kesho ngoja mpaka kuhesabu tano, kesho kutwa kumi, halafu ishirini. Watu wote nyumbani watumie neno hilo hilo moja, baba akisema "Kimya," mama "Acha," na watoto "Wewe!" mbwa atachanganyikiwa. Kama anabweka ili atazamwe tu, mgeuzie mgongo. Siku za kwanza atazidisha kelele, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ukimwendea siku ya nne kwa sababu umechoka, umemfundisha kwamba yafaa abweke siku nne.

Jambo la majike nalipitia upesi. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, na kwa muda wa wiki mbili au tatu madume ya skimu nzima hukusanyika kwako wakipigana na kubweka. Kama hutaki watoto wa mbwa, mwombe daktari wa mifugo amfunge kizazi.

Lakini liko jambo moja usilopita upesi. Sauti ya mbwa ikigeuka ghafula, ikawa ya kukwaruza au kama ya kulia, naye akawa mkali kwa watu anaowajua, au anatokwa mate na kushindwa kumeza, usimwendee kumfundisha lolote. Huenda ni kichaa cha mbwa. Weka watoto mbali, upige simu ofisi ya mifugo. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu ugonjwa ukishajitokeza karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, na kila mwaka baadaye. Unapomleta kwenye chanjo mfunge kwa kamba imara.

Mzee yule alihamisha mbwa wake nyuma ya nyumba, karibu na zizi, na waya wa kumkimbizia alisaidiwa kuufunga na kijana yule yule. Ilichukua majuma matano, si siku mbili. Msimu wa viazi kijana alikuja ofisini kuulizia mbolea, akanieleza kwamba usiku mmoja mbwa alibweka mara tatu tu, kwa nguvu, baada ya kimya cha siku nyingi. Mzee alitoka na tochi, na kijana naye akatoka upande wake. Walikuta nungunungu wawili katikati ya viazi vya kijana, wamekwisha kufukua mstari mmoja na kuanza wa pili.

Nilimwuliza kama ile sumu bado anayo. Akasema aliifukia chini sana nyuma ya choo, siku ile ile aliyofunga waya.