Nyumba ya Magurudumu Manne: Mke na Mume Njiani, Kilosa Hadi Mikumi

Kwa wengi wetu safari haina budi kuwa na sababu. Tunasafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa kupeleka mtoto shule, kwa kumjulia hali mzazi. Na aliyejaaliwa uwezo husafiri kwenda Hija. Mume na mke kuondoka wawili tu, watoto wakiwa wamekwisha kupata miji yao, kwa nia ya kuitazama ardhi ya Mwenyezi Mungu na kutazamana wao wenyewe, ni jambo ambalo majirani hulitafutia sababu iliyofichwa. Tulipotangaza nia yetu, jirani mmoja alituuliza kwa upole ni nani anayeumwa.

Sisi tunaoandika makala hii ni mke na mume wakazi wa Morogoro, tulio katika ndoa kwa miaka 35. Katika barabara kuu iendayo Iringa na Zambia tumezoea kuyaona magari ya wageni yenye chumba kizima nyuma, na ndani yake mzee na bibi yake wenye mvi, wakipika chai kando ya njia kana kwamba wako uani kwao. Tulikuwa tukiwatazama kwa miaka mingi na kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini kusafiri pamoja na mke si jambo la Wazungu. Wasomaji wanaikumbuka habari ya Bibi Aisha (r.a.) kushindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipoongezeka, Mtume akamshinda yeye, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Mchezo huo ulikuwa wa mke na mume, na ulifanyika njiani, baada ya Mtume kuwaambia watu watangulie.

Gari letu lilikuwa Hiace kuukuu lililowahi kuwa daladala. Lilinunuliwa kwa sehemu ya kiinua mgongo cha mmoja wetu, jambo ambalo binti yetu wa kwanza hakuliridhia hata kidogo; kwa hesabu zake fedha hizo zingetosha kuanzisha vyumba viwili vya kupangisha, na hatukuweza kumwambia kwamba hesabu zake zilikuwa na kasoro. Viti viling'olewa. Kibao cha namba kikabadilika kutoka cheupe cha biashara kuwa cha manjano. Fundi seremala akatutengenezea kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, rafu moja ya vyombo na mahali pa kufungia mtungi mdogo wa gesi usiyumbe. Juu ya paa tuliweka paneli ya sola inayotosha taa mbili na kuchaji simu, na mlangoni tukafunga madumu mawili ya maji ya lita 20 kila moja. Ongeza mapazia, chandarua, mkeka, beseni na birika, na nyumba imetimia. Ndani yake mtu mzima hawezi kusimama wima, hivyo kuswali ilitubidi tushuke.

Suala la swala tulilipeleka kwa sheikh wa msikiti wetu kabla ya kuondoka, maana lilitutatiza: mtu anayesafiri na nyumba yake, je, ni msafiri? Alitufurahisha kwa kutuambia kwamba wanavyuoni walikwisha kulijadili karne nyingi kabla ya magari, katika mlango wa baharia anayeishi chomboni pamoja na ahali zake na jiko lake. Imam Ahmad aliona kwamba baharia wa namna hiyo, asiye na makazi nchi kavu, hapunguzi swala, kwa kuwa hakika yake yuko nyumbani. Kwa Imam Shafi'i anayo ruhusa ya kupunguza, ingawa kukamilisha ni bora kwake. Sisi tuna nyumba yetu Morogoro na mwendo wetu ulizidi marhala mbili, basi kwetu ruhusa ilikuwa wazi. Wallahu a'alam.

Lililotusumbua zaidi ya yote ni mahali pa kulala. Gari kama hili haliegeshwi popote usiku unapoingia. Tuliamua tangu mwanzo kwamba baada ya Maghribi hatuendeshi, na kwamba kila tufikapo tutajitambulisha kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa imamu wa msikiti. Mara mbili tulilala katika uwanja wa msikiti kwa ridhaa ya wenyewe, na mara moja katika ua wa nyumba ya wageni, ambako tulilipia maji na bafu tu. Katika kijiji kimoja mwenyekiti alitupokea vizuri lakini hakuwajulisha mgambo wake. Saa tano usiku wakagonga kioo, wakitaka kujua mzee huyu amemtoa wapi huyo mama. Cheti cha ndoa tulikuwa nacho. Mkubwa wao alikisoma kwa tochi kuanzia juu hadi chini, akaitazama tarehe, akatutazama sisi, kisha akasema, "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Laleni salama." Wana ndoa wanaowaza safari ya namna hii wasikiache cheti hicho kabatini.

Nyumba yenye vyumba vitano ina fadhila moja ambayo hatukuijua mpaka tulipoikosa: ugomvi hupata pa kwenda. Mmoja huingia jikoni, mwingine hutoka barazani, na kufikia chakula cha usiku jambo limepoa bila kuzungumzwa. Ndani ya Hiace mwenye kununa hununia umbali wa dhiraa moja. Siku ya pili tulihitilafiana juu ya dirisha, mmoja akitaka hewa na mwenzake akihofia mbu, na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda ilibidi tuzungumze. Tukagundua kwamba hatukuwa tukibishana juu ya dirisha. Mmoja wetu alikuwa amechoka kuamuliwa kila kitu, na alikuwa amechoka kwa muda mrefu. Hapo ndipo tulipopeana haki ya kusimama: kila mmoja aweze kusema "tusimame hapa," na mwenzake asiulize sababu.

Kilosa tuliingia kwa njia ya Dumila. Ni mji uliolala chini ya milima, Mto Mkondoa ukiupitia ubavuni. Katika mabonde haya ilipita misafara kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Tabora, na pamoja na shehena walipita walimu na wafanyabiashara wa pwani walioieneza dini yetu bara. Kisha ikaja Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kuufikia mji huu mwaka 1909. Na pamoja na reli yakaja mashamba ya mkonge, ambayo mistari yake bado inaonekana upande wa Kimamba. Mto huo huo unaoupendezesha mji uliutesa pia. Katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maelfu ya watu walipoteza makazi na reli ikakatwa, na wenyeji bado huhesabu miaka kwa kutaja kabla ya mafuriko na baada yake. Leo treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ina kituo chake cha Kilosa. Kituo cha reli ya zamani kimebaki na miembe na utulivu.

Ni katika kituo hicho cha zamani ambapo mke katika sisi alitumia haki yake ya kusimama. Alishuka, akatembea hadi ukingoni mwa reli, akakaa.

"Baba watoto," alisema, "hapa nimewahi kupita. Mwaka 1988, usiku wa manane. Kina mama walikuwa wakiuza chai na maandazi kwa mwanga wa vibatari, nami nilinunua kwa dirishani."

Alikuwa akienda chuo cha ualimu, Tabora. Alisoma miezi minne. Baba yake akaugua, akaitwa nyumbani kumuuguza, na mwaka uliofuata mzee alipofariki ilikwisha kuletwa posa. Katika miaka 35 mume alijua kwamba mkewe aliuguza baba yake, lakini hakujua kwamba aliacha chuo kwa ajili hiyo. Hakuna aliyemficha, ni habari ambayo haikupata siku yake, kwa kuwa tangu hapo palikuwa daima na mtoto wa kulishwa, ada ya kulipwa au mgeni sebuleni.

Hakusema neno. Alinunua chai kwa mama mmoja aliyekuwa nje ya kituo, vikombe viwili, akaleta kimoja ukingoni mwa reli.

Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 70, na sehemu kubwa ya njia tuliyopita ilikuwa ya vumbi na makorongo. Tulipita kijiji kinachoitwa Ulaya, bila pasi wala viza, na huo ndio utani pekee uliotolewa ndani ya gari siku hiyo.

Mikumi yenyewe wasomaji wengi wanaijua kwa dirisha la basi, kwa kuwa barabara kuu huikata hifadhi kwa takribani kilomita 50, na pundamilia, twiga na tembo huonekana bila kiingilio. Wanaijua pia kwa vibao vya mwendo na vya faini za kugonga wanyama. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na jina lake ni la ile mitende mirefu, mikumi. Kuingia ndani kwa ada na kulala ni jambo jingine kabisa. Ukiisha kuegesha katika kambi iliyoruhusiwa, na giza likashika, hutoki ovyo. Tuliijumuisha Isha na Maghribi mapema, mkeka ukiwa umetandikwa ubavuni mwa gari. Maji ya udhu wa alfajiri tukayaweka ndani pamoja na beseni, na asubuhi tukasubiri weupe utokeze ndipo tukashuka.

Usiku tembo walikuja. Tuliwasikia wakivunja matawi, karibu mno, na gari likawa dogo kuliko lilivyopata kuwa. Usingizi ulikuwa umekwisha kabisa, na mtu aliye macho kwa hofu huwa hana nguvu ya kunyamaza. Mume akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulikuwa ukisomea nini?"

"Jiografia na Kiswahili."

"Na posa yangu ilipoletwa, ulikuwa bado unataka kurudi chuoni?"

"Nilitaka vyote viwili. Hakuna aliyeniuliza."

Tunaliandika hili kwa ridhaa yetu sote wawili, na si kwa kuwalaumu wazee wetu, ambao waliamua kwa walichokijua na sasa wako mbele ya haki. Tulizungumza mpaka tembo walipoondoka, na baada ya hapo tukaendelea. Alieleza jinsi alivyowasomesha wanawe sita kila usiku mezani, na kwamba kwake lile lilikuwa darasa. Mume alikuwa akidhani anasimamia kazi za shule. Kabla ya alfajiri mume aliuliza swali moja zaidi, kwamba kama leo angeulizwa, angetaka nini. Akajibu kwamba angependa kwanza kuiona Tabora kwa mwanga wa mchana.

Safari hiyo, inshaAllah, itakuwa baada ya masika, kwa njia ya Dodoma, Manyoni na Itigi. Gari linadai tairi mbili na bawaba ya mlango wa nyuma. Mwalimu wetu amekwisha kununua ramani na kuichora kwa kalamu nyekundu. Binti yetu yule wa vyumba vya kupangisha amepiga simu kuuliza kama mjukuu anaweza kupata nafasi. Kwa safari hii tumemjibu kwamba nafasi hakuna.