Tumbo la mtoto: tusiusingizie mnara wa simu



Mama mmoja alimleta kituoni mwanawe wa miaka minne. Kwa miezi mitatu mtoto alikuwa akilalamika tumbo, hali vizuri, na nguo yake ya ndani ikichafuka kinyesi chepesi mara kwa mara. Mama alisema yote yalianza siku chache baada ya mnara wa simu kusimikwa nyuma ya nyumba yao. Jirani akamwambia ni mionzi. Baba akaanza kutafuta chumba mtaa mwingine, na huku mtoto akipewa dawa ya kuzuia kuhara iliyonunuliwa dukani.

Nilipompapasa tumbo, chini upande wa kushoto nilikuta kinyesi kigumu kimejaa kama kokoto. Mtoto yule hakuwa anahara. Alikuwa amefunga choo. Kinyesi kigumu kilipoziba njia, majimaji yalipenya pembeni na kuchafua nguo, na ile dawa ikazidi kumfunga. Nilipouliza anavyoshinda siku nzima, mama hakuficha: akishika simu hataki kuinuka, hata haja ikimjia huibana mpaka ipite.

Kumbe simu ilihusika, lakini si kwa njia ya mionzi.

Mawimbi haya ni kitu gani?

Wengi wetu tukisikia neno mionzi tunafikiria eksirei au bomu la Hiroshima. Ukweli ni kwamba mionzi iko ya aina mbili. Ipo yenye nguvu ya kuharibu vinasaba vya mwili, na hiyo ni pamoja na ya eksirei. Ndiyo maana mwanamke huulizwa kama ni mjamzito kabla ya kupigwa picha. Aina ya pili haina nguvu hiyo. Humo yamo mawimbi ya redio, televisheni, simu na intaneti ya waifai.

Athari ya mawimbi haya iliyothibitika ni kupasha joto yanapokuwa na nguvu kubwa. Jiko la mikrowevu hufanya kazi kwa njia hiyo, lakini hutumia mamia ya wati ndani ya sanduku lililofungwa. Simu ya mkononi kwa kawaida haizidi wati 2. Tena nguvu ya wimbi hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali nalo, hivyo simu uliyoibana sikioni kwa kawaida hukufikishia mawimbi mengi kuliko mnara ulio nyuma ya nyumba. Na pale mtandao unapokuwa hafifu, simu huongeza nguvu ili isikike.

Wataalamu wamesema nini?

Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Katika kundi hilo hilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri. Hofu ya wakati ule ilihusu uvimbe wa ubongo, si tumbo. Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi, ulioagizwa na WHO, nao haukuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Ama kuhusu tumbo la mtoto, hakuna uthibitisho kwamba mawimbi haya huleta kuhara wala kufunga choo.

Mzazi mwenye wasiwasi asichekwe. Hapa Tanzania ipo Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 inahusika na mionzi ya aina zote mbili. Huko ndiko pa kupeleka swali la mnara. Dini yetu imetufundisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na maneno ya jirani nayo ni habari.

Simu inavyoliumiza tumbo

Kwanza ni mikono. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo viwili vya London walipima simu za watu katika miji ya Uingereza, wakakuta takriban simu 1 kati ya 6 ina vijidudu vya kinyesi. Sisi tutasema tunachamba kwa maji, na hilo ni jema sana. Lakini twahara ya kuswalia ni jambo moja, na mkono usio na vijidudu ni jambo jingine. Maji matupu huondoa uchafu unaoonekana. Vijidudu vinataka sabuni na kusugua. Baba anatoka chooni na simu, anampa mtoto achezee, naye anaitia mdomoni. Kuhara huua zaidi ya watoto laki nne wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, na kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Simu isiingie chooni.

Pili ni kubana haja. Matumbo huamka baada ya kula. Basi mtoto akalishwe chooni dakika 5 hadi 10 baada ya mlo, miguu ikanyage kitu, bila simu. Apewe maji, mapapai, mboga na maharage, wala asichapwe kwa kuchafua nguo, kwani wengi hawasikii inapotoka. WHO ilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Tatu ni zile betri ndogo za duara kama kifungo, zilizomo kwenye rimoti, saa na vitu vya kuchezea. Mtoto akiimeza, ikakwama njia ya chakula, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Mpeleke hospitali papo hapo, usimtapishe. Ikiwa ametimiza mwaka mmoja na anameza vizuri, mlambishe asali vijiko vidogo viwili kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hapo inapunguza kuungua tu, haitoi betri. Safari isicheleweshwe kwa ajili ya kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Lini tukimbilie hospitali?

Mtoto anayehara apewe maji ya chumvichumvi (ORS) kila anapoharisha, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa ya kuzuia kuhara asipewe.

Usingoje ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, mtoto amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au tumbo limevimba na matapishi ni ya kijani. Na aliyefunga choo kwa zaidi ya wiki mbili naye apimwe, asiendelee kutibiwa kwa kubahatisha.

Mtoto wa yule mama alipewa dawa ya kulainisha choo, akawekewa saa ya kwenda chooni, na simu ikawa haishikwi wakati wa kula. Waliporudi baada ya mwezi alikuwa anakula na nguo zake safi, ingawa dawa nilimwambia mama asiikatize mapema. Nikamuuliza kama walihama. Akasema hapana, kodi waliyokuwa wameitenga wamenunulia ndoo ya kunawia yenye bomba, na mnara upo pale pale.

Wallahu a'lam.