Hadi Lini Tuchemshe Vyombo vya Mtoto?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama huuliza mara kwa mara, hasa wale ambao kazi huwatoa nyumbani asubuhi na kuwarudisha jioni. Swali lenyewe huwa hivi: "Mwanangu ametimiza miezi saba. Anatambaa, anaokota kila kitu sakafuni na kukitia kinywani. Je, bado nina haja ya kuchemsha chupa na kikombe chake kila siku? Mkaa nao umepanda bei."

Ni swali la haki. Mama huyu haulizi kwa uvivu. Kila siku anawasha jiko kwa ajili ya sufuria moja ya vyombo, kisha anageuka na kumwona mtoto akilamba ndala ya baba yake. Lazima ajiulize kama anafanya kazi bure.

Tuanze na wale ambao swali hili haliwahusu. Mtoto anayenyonya ziwa la mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo hana chombo cha kuchemshwa. Maziwa hutoka kwa mama na kuingia kwa mtoto bila kupitia chupa wala kijiko. Ndiyo sababu bibi zetu wanaposema, "Sisi tuliwalea wanane bila kuchemsha chochote," wanasema kweli, lakini husahau kutaja kwamba wengi wa wale wanane hawakuijua chupa. Tatizo huanza pale maziwa, yawe ya mama aliyoyakamua au ya kopo, yanapowekwa katika chombo.

Kwa nini tunachemsha

Maziwa ni chakula kizuri cha mtoto, na pia ni chakula kizuri cha vijidudu. Tone lililobaki kwenye shingo ya chupa au ndani ya chuchu ya mpira, katika joto la Dar es Salaam au Tanga, huwa shamba la vijidudu kwa muda wa saa chache tu. Mtoto mchanga naye hana silaha za kutosha. Tindikali ya tumbo lake ni kidogo, na kinga ya mwili wake ndiyo kwanza inajifunza kazi. Akiharisha hupoteza maji upesi, maana mwili wake ni mdogo.

Hapa lipo jibu la ile ndala ya baba. Ni kweli mtoto hupata vijidudu kutoka sakafuni, lakini huwa ni vichache kwa mara moja, na kinga yake huvizoea. Chupa yenye mabaki ya maziwa ni jambo jingine: humpa vijidudu kwa wingi mno, vilivyokwisha kuzaana, moja kwa moja tumboni.

Liko na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Maziwa ya unga ya kopo, hata kopo jipya lililofungwa vizuri, si safi kabisa kwa maana ya kukosa vijidudu. Yanaweza kubeba kijidudu kiitwacho kronobakta. Ugonjwa wake ni wa nadra, lakini ukimpata mtoto wa chini ya miezi 2 unaweza kuwa homa ya uti wa mgongo na kumwua. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, lilielekeza kwamba maziwa ya kopo yakorogwe kwa maji yaliyochemka ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, yaani yasiwe yamekaa zaidi ya nusu saa tangu kuepuliwa. Baada ya kukorogwa ndipo yapoozwe, mama ajaribu joto lake kwa tone juu ya kifundo cha mkono, kisha mtoto anyweshwe. Yakipita saa 2 bila kunywewa, yamwagwe. Tunajua inauma kumwaga maziwa ya kununua, basi korogeni kidogo kidogo.

Wataalamu hawana jibu moja

Ukiuliza Uingereza, wazazi huambiwa waendelee kutakasa chupa na chuchu mpaka mtoto atimize angalau miezi 12. Ukiuliza Marekani, utaambiwa kwamba kutakasa kila siku ni muhimu zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kwa mtoto njiti, na kwa mtoto ambaye kinga yake ni dhaifu. Mtoto mkubwa mwenye afya anaweza kutosheka na vyombo vilivyooshwa vizuri sana na kukaushwa kila baada ya kutumiwa.

Mbona nchi hizo mbili hazipatani? Kwa sababu hakuna siku ambayo hatari hukoma. Hupungua polepole, na kila mmoja huchagua mahali pa kuweka mstari. Lakini tukumbuke kwamba wote wawili wanazungumza na mzazi ambaye maji safi yanatoka bombani saa zote. Sisi tuna la kuongeza.

Botswana mwaka 2006

Miaka hiyo Botswana ilikuwa ikiwapa akina mama wenye virusi vya UKIMWI maziwa ya kopo bure, ili wasiwaambukize watoto kwa kunyonyesha. Nia ilikuwa njema, na nchi ile ilisifiwa kwa mipango yake ya maji na afya. Kisha mvua kubwa zikanyesha, maji yakachafuka, na mwanzoni mwa mwaka 2006 kuhara kukawavamia watoto. Mamia walikufa. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba jambo kubwa lililowatofautisha watoto waliougua na wenzao ni kutonyonya ziwa la mama.

Akina mama wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitumia maji yale yale waliyoyazoea, ila maji yalikuwa yamebadilika. (Siku hizi mama mwenye virusi anayetumia dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa kliniki hushauriwa anyonyeshe, kwa kuwa dawa humkinga mtoto.) Tumelieleza tukio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba umri wa mtoto peke yake hautoshi kuamua. Angalia pia maji unayooshea.

Basi tuache lini?

Maoni ya ukurasa huu ni haya. Kwa familia zetu nyingi, ambazo maji hutoka kisimani, mtoni, kwa mwenye mkokoteni, au bombani kwa mgao, chupa na chuchu zichemshwe mpaka mwaka mmoja. Uoshaji wa kawaida hautoshi ikiwa maji ya kuoshea yenyewe yana mashaka. Familia yenye maji ya uhakika, na mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na anayekua vizuri kwenye kadi ya kliniki, inaweza kulegeza mapema, baada ya miezi 6 hivi, mradi kuosha kusilegee. Mtoto njiti, au anayeugua mara kwa mara, asiachishwe utaratibu huu bila kuzungumza na mhudumu wa kliniki.

Tena vyombo vyote si sawa. Bakuli na kijiko cha uji, ambavyo mtoto huanza kuvitumia akiwa na miezi 6, havina pembe za kujificha uchafu. Vikioshwa kwa sabuni na maji safi ya moto, vikakaushwa, vinatosha. Kikombe cha wazi ni hivyo hivyo. Chupa ndiyo yenye taabu: shingo nyembamba, kifuniko chenye mizingo, chuchu yenye tundu. Vikombe vya plastiki vyenye mdomo na kizibo cha kuzuia kumwagika navyo ni ndugu wa chupa, hata kama dukani huitwa vikombe. Pampu ya kukamulia maziwa iwekwe kundi hilo hilo.

Kwa hiyo mama wa miezi saba anayelalamikia mkaa tungempa ushauri huu: badala ya kuuliza lini uache kuchemsha chupa, acha chupa yenyewe. Mtoto wa umri huo anaweza kunywa kwa kikombe cha wazi akisaidiwa. Hata mtoto mchanga huweza kunyweshwa hivyo, na Shirika la Afya Duniani hupendelea kikombe kuliko chupa kwa sababu ni rahisi kukisafisha. Atamwaga kidogo siku za mwanzo. Mfunge kitambaa shingoni, mvumilie.

Kuosha kwanza

Tumeona nyumba ambazo chupa huchemshwa ikiwa na utando wa maziwa ndani yake. Huko ni kupika uchafu. Mafuta ya maziwa huvificha vijidudu, na moto hauondoi utando. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua chupa sehemu zote, osha kwa sabuni na brashi yake, geuza chuchu ndani nje, pitisha maji katika tundu. Kisha zamisha vyombo vyote katika sufuria bila mapovu ya hewa kubaki ndani, funika, na maji yakishatokota hesabu dakika 10. Walio nyanda za juu, kama Njombe, wasipunguze muda huo, maana huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Acha vyombo ndani ya sufuria iliyofunikwa mpaka vitakapohitajika. Ukivitoa mapema na kuvipangusa kwa kitambaa cha jikoni, umerudisha ulichokiondoa.

Ili kuokoa mkaa, vyombo vya kutwa nzima vichemshwe mara moja, jioni, juu ya moto uliobaki baada ya kupika.

Siku utakapoacha kuchemsha, yapo mambo mawili yasiyoachwa: kuosha namna hiyo hiyo, na kuchemsha maji ya kunywa ya mtoto na ya nyumba nzima. Vyombo vikauke juani kwenye uchanja, mahali ambapo kuku hawafiki, na vifunikwe nzi wasitue.

Unaweza pia kurudi nyuma. Mvua za masika zikifurika vyoo, kipindupindu kikitangazwa wilayani, au mtoto akitoka kuugua kuhara, chemsha tena kwa majuma machache hata kama ulishaacha.

Mtoto akiharisha, usisimamishe kunyonya wala chakula. Mpe maji ya dawa ya kuzuia kukaukiwa, yanayopatikana kwa pakiti katika zahanati na maduka ya dawa, na uulize juu ya vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Macho yakidumbukia, akikosa nguvu ya kunyonya, akitapika kila anachopewa, au ukiona damu katika choo, usingoje kesho: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Chukua na kadi yake ya kliniki, wahudumu waone pia kama amepata chanjo ya rota, ambayo Tanzania hutolewa tangu mwaka 2013.