Ukali wa Maji

Tazama vikombe vitatu juu ya meza. Cha kwanza kina maji ya kunywa. Cha pili kina maji ya soda kostiki, ambayo mama hutengenezea sabuni pamoja na mafuta ya mawese. Cha tatu kina maji ya betri ya motokari. Kwa macho yote ni sawa. Lakini maji ya kwanza hukata kiu. Hayo mengine huunguza kinywa na koo.

Maji ya betri, siki na maji ya limau huitwa asidi. Asidi ya limau ni chachu. Maji ya majivu, ya sabuni na ya soda kostiki huitwa alkali. Alkali huteleza mkononi.

Je, mbona limau lanyweka na maji ya betri hayanyweki? Tia kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji, uonje. Tia kijiko kingine katika ndoo nzima, uonje tena. Chumvi ni ile ile, lakini katika ndoo imetawanyika. Asidi nayo ni vivyo hivyo. Ndani yake mna chembe ndogo sana za hidrojeni, zisizoonekana. Zikiwa nyingi, maji ni makali. Zikiwa chache, ukali hupungua.

Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Denmark, Søren Sørensen, alitunga kipimo cha ukali huo. Alifanya kazi Copenhagen, katika maabara ya Carlsberg, wenye kiwanda cha bia. Kipimo chake huitwa pH. Kwa kawaida namba zake huanza 0 hadi 14. Maji safi kabisa ni 7. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Maji ya limau ni karibu 2. Damu yetu ni karibu 7,4. Maji ya Ziwa Tanganyika ni karibu 9. Soda kostiki yenye nguvu hufika 14.

Angalieni vema: kila hatua moja ni mara 10. Asidi ya namba 3 ina ukali mara 10 kupita ya namba 4, na mara 100 kupita ya namba 5.

Kuna njia nyepesi ya kutambua. Chemsha maua mekundu ya ngaingai, upate maji mekundu. Ukitia limau, wekundu unabaki na kung'aa. Ukitia maji ya majivu, wekundu unatoweka.

Watoto, msionje kamwe maji ya chupa msiyoijua. Mtu akimeza soda kostiki, msimtapishe, maana itamwunguza koo mara ya pili. Mpelekeni hospitali upesi, pamoja na chupa ile. Mungu alitupa akili ili tuulinde uzima wetu na wa wadogo zetu.

Maulizo
1. Taja asidi mbili na alkali mbili.
2. Maji ya namba 9 ni asidi ao alkali?
3. Asidi ya namba 2 inapita ya namba 4 mara ngapi kwa ukali?
4. Kwa nini aliyemeza soda kostiki hatapishwi?