Kutaja bei ya hoteli usiyoijua: Ni akiba au mbuzi kwenye gunia?

SAA kumi na moja jioni sokoni Mwakiro, bei ya nyanya hubadilika. Fungu ambalo asubuhi muuzaji alikataa kulipunguza hata kidogo, jioni yeye mwenyewe ndiye anayekuita uje ulichukue. Si kwamba amekuwa mkarimu ghafla. Anajua kuwa giza likiingia atazibeba tena kichwani hadi nyumbani, na kesho nusu yake zitakuwa zimelainika.

Nimeikumbuka biashara hiyo ya jioni baada ya kupigiwa simu na rafiki yangu ambaye tulikalia benchi moja shuleni katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, Tanzania.

Mwaka 2007 njia zetu ziliachana. Mimi nilirudi Muyinga nikashika chaki. Yeye, ambaye wazazi wake walikuwa wakimbizi tangu mwaka 1972, alichukuliwa pamoja na familia yake kwenda Marekani, ambayo mwaka huo ilianza kuwapokea Warundi wa kundi hilo kutoka kambi za Tanzania.

Sasa anakuja kutembea, yeye, mkewe na watoto wanne. “Mwalimu,” aliniambia, “nitafutie vyumba viwili Muyinga, usiku nne. Lakini usilipe hata faranga moja kabla hujaviona kwa macho yako.”

Nilicheka. Nilimuuliza tangu lini mtu wa Marekani, anayenunua kila kitu kwa kubonyeza simu, amekuwa na wasiwasi kama wa bibi anayenunua kuku. Jibu lake lilichukua muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu wengi wetu tuna ndugu huko nje. Fedha inayopotea hotelini kule, mara nyingi ndiyo ingekuwa ada ya mtoto huku.

Bei unaitaja wewe

Mwaka 1998 kampuni ya Priceline, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Jay Walker, ilifungua nchini Marekani tovuti yenye utaratibu wa ajabu. Badala ya muuzaji kutaja bei, mnunuzi ndiye aliyeitaja. Ilianza na tiketi za ndege, kisha ikaingia kwenye vyumba vya hoteli.

Msafiri alichagua mji, sehemu ya mji, tarehe na idadi ya nyota za hoteli anayoitaka. Halafu aliandika kiasi alichokuwa tayari kulipa kwa usiku mmoja, akaweka namba za kadi yake ya benki na kusubiri.

Kama kulikuwa na hoteli iliyokubali bei hiyo, kadi ilikatwa hapohapo. Ni baada ya kulipa ndipo alipoonyeshwa jina la hoteli. Hakukuwa na kubadili wala kurudishiwa fedha kwa kuwa amebadili mawazo.

Mwaka 2000 ilikuja Hotwire, ambayo ilifanana nayo kwa nusu. Yenyewe ilitaja bei, lakini ilificha jina la hoteli hadi mteja alipe.

Msomaji anaweza kujiuliza: hoteli kubwa inapata faida gani kwa kuuza chumba cha dola 110 kwa dola 50? Jibu ni lile la nyanya za jioni, ila chumba ni kibaya zaidi. Nyanya iliyobaki leo inaweza kupikwa kesho. Usiku wa leo wa chumba kitupu ukipita, haupo tena wa kuuzwa. Gharama ya kumweka mgeni mmoja zaidi ni shuka za kufua, sabuni, maji na umeme. Mlinzi na mtu wa mapokezi watalipwa mshahara, chumba kiwe kimejaa au kitupu.

Lakini kwa nini kuficha jina? Kwa sababu hoteli hiyo ikibandika mlangoni bei ya nusu, hata yule mgeni aliyekuwa tayari kulipa bei kamili atadai nusu. Kwa kujificha, hoteli inamuuzia mwenye haraka kwa bei ya asubuhi, na mwenye subira kwa bei ya jioni, bila wawili hao kukutana sokoni.

Mashine isiyouliza unatoka wapi

Rafiki yangu alianza kuzitumia tovuti za aina hiyo mwaka 2010, alipokwenda kwenye msiba katika jimbo jingine. Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyemwelekeza. Hoteli za nyota tatu katika mji ule zilikuwa zikitaja dola 110 kwa usiku. Aliandika 45, ikakataliwa. Akaandika 50, ikakubaliwa. Kodi na ada ziliongezwa juu yake, lakini bado ilikuwa karibu nusu ya bei ya wengine.

“Nililala kwenye chumba chenye zulia, mimi niliyekulia chini ya turubai,” alisema.

Nilidhani kilichomfurahisha ni akiba. Aliniambia kuwa hiyo ilikuwa sehemu tu. Alikuwa na miaka mitatu nchini humo, Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, na kila alipotaka kupatana bei na mtu aliona aibu. “Mashine haikuniuliza natoka wapi. Haikusikia lafudhi yangu. Iliangalia namba tu.”

Maneno hayo yalinigusa. Sisi tuliokulia ugenini tunajua bei inavyopanda pale mwenye duka anapogundua kuwa wewe si wa hapo. Kwa mara ya kwanza giza lilikuwa upande wake pia: yeye hakuiona hoteli, na hoteli nayo haikumwona yeye.

Usichokiona kina gharama

Hata hivyo, giza hilo halikuwa sawa kwa pande zote mbili. Hoteli iliweka kimyakimya bei yake ya chini kwenye mfumo. Tuseme ilikuwa dola 50. Msafiri akitaja 45 alikataliwa. Akitaja 70 alikubaliwa, na hakuna aliyemwambia kuwa 50 ingetosha. Ile 20 ya ziada ilibaki kwa mwenye tovuti.

Sokoni Mwakiro ukitaja bei kubwa mno, utaiona furaha machoni pa muuzaji na safari nyingine utajirekebisha. Mashine haina macho.

Aliyekataliwa hakuruhusiwa kurudia ombi lilelile hadi zipite saa 24, isipokuwa abadili kitu: tarehe, nyota au sehemu ya mji. Wajanja waligundua mwanya hapo. Kama mtu alitaka nyota nne katikati ya mji, aliongeza sehemu nyingine ambayo hakuna hoteli yoyote ya nyota nne. Mfumo ulihesabu kuwa amebadili ombi, ukamruhusu kupandisha bei kidogo siku hiyohiyo, ilhali hakuwa na hatari ya kupelekwa huko asikokutaka. Kwa njia hiyo walipanda ngazi dola tano tano hadi wakakigusa kiwango cha hoteli.

Rafiki yangu alijifunza ujanja huo, na huenda ndio uliompa kiburi.

Mwaka 2012 kulikuwa na harusi ya mpwa wake huko Texas. Safari hii walikwenda wote sita. Usiku wa manane, katika tovuti mojawapo ya hizo zinazoficha jina, alipata chumba cha nyota tatu kwa dola 55 akalipa. Walipofika mapokezi, wamechoka kwa safari ya gari ya siku nzima, waliambiwa kuwa chumba chao kina kitanda kimoja na ni cha watu wawili.

Hakuna aliyemdanganya. Vyumba vinavyouzwa kwa njia hiyo kwa kawaida huhakikishiwa watu wazima wawili tu, na aina ya kitanda haiahidiwi. Masharti yalikuwa yameandikwa, ila hakuyasoma. Fedha hazirudi. Ilibidi anunue chumba cha pili kwa bei ya mapokezi, dola 129.

Jumla ikawa dola 184 kabla ya kodi. Kandokando ya mji huohuo kulikuwa na nyumba ya wageni iliyotangaza wazi chumba chenye vitanda viwili vikubwa kwa dola 80. Alikuwa ameiona, akaipita kwa sababu haikuwa na nyota.

“Nilinunua bei, Mwalimu. Chumba sikununua,” alisema.

Mwezi ule hakutuma chochote nyumbani. Mama yake mdogo, anayeishi hapa Muyinga, alisubiri hadi mwezi uliofuata ili amalizie kuezeka nyumba yake. Hakuambiwa sababu.

Kilichobaki leo

Utaratibu wa mteja kutaja bei haupo tena kama zamani. Priceline iliuacha kwa tiketi za ndege mwaka 2016, na baadaye kwa hoteli pia. Kilichobaki ni ule wa nusu: bei inaonekana, jina limefichwa. Priceline yenyewe imekuwa ikiuza vyumba hivyo tangu mwaka 2012, na Hotwire inaendelea.

Aina iliyoshinda duniani ni ile ya wazi, ambayo jina la hoteli, picha na maoni ya waliolala huonekana kabla ya kulipa. Kampuni hiyohiyo ya Priceline iliinunua Booking.com mwaka 2005, na mwaka 2018 kampuni mama ikabadili jina na kuitwa Booking Holdings. Mtoto wa kununuliwa amekuwa mkubwa kuliko mwenye nyumba.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, vyumba vilivyofichwa majina bado vinaweza kuwa nafuu, hasa kwa mtu mmoja au wawili ambao safari yao haina shaka. Lakini kabla ya kulipa inafaa kujiuliza mambo manne.

Kwanza, bei ya wazi ya hoteli za daraja hilo ni kiasi gani? Asiyeijua bei ya asubuhi hawezi kujua kama ya jioni ni nafuu. Pili, tuko wangapi na vitanda ni vingapi? Tatu, tarehe inaweza kubadilika? Msiba husogezwa, harusi huahirishwa, lakini fedha hizo hazirudi. Nne, ni nini kitakachoongezwa juu: kodi, maegesho ya gari, au dhamana inayozuiwa kwenye kadi hadi siku ya kuondoka?

Mtu ambaye akiipoteza fedha hiyo hana nyingine, asinunue kilichofichwa.

Chumba cha Muyinga

Mimi nilichukua pikipiki kutoka Mwakiro nikaenda Muyinga mjini. Katika nyumba ya wageni ya tatu nilimkuta mama mwenye nyumba akipepeta mchele uani. Alitaja faranga 40,000 kwa chumba. Sikujibu, niliomba kwanza kuviona.

Nilifungua bomba, nikakandamiza godoro, nikainua chandarua. Cha chumba cha pili kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Niliangalia pia daftari la wageni lililokuwa wazi mezani: wiki nzima majina matano.

Nilimwambia nataka vyumba viwili kwa usiku nne, nusu ya fedha nailipa leo kwa simu. Tulipatana 30,000 pamoja na chai ya asubuhi na chandarua kipya. Kwa siku zote ilikuwa 240,000 badala ya 320,000.

“Mwalimu,” aliniambia akicheka, “chumba kikilala kitupu hakinidai sabuni, lakini hakinilipii mlinzi.” Hakuna mtaalamu wa hoteli ambaye angeieleza biashara hii kwa ufupi kuliko hivyo. Aliongeza sharti lake mwenyewe: wageni wakichelewa, nimjulishe siku tatu kabla, na fedha itasubiri tarehe nyingine.

Sitaficha gharama yangu. Nilipoteza nusu siku na nauli. Tena sikumwambia kuwa wageni wangu wanatoka Marekani, kwa kuwa najua bei ingepanda ngazi kabla hatujakaa. Nami nilimficha jina la mteja, kama vile tovuti zilivyoficha jina la hoteli. Nilipofika nyumbani jambo hilo lilinisumbua kidogo.

Jioni nilimtumia rafiki yangu picha za vitanda, bomba na chandarua. Alipiga simu baada ya dakika chache. Nilitegemea atauliza kama ingewezekana 25,000.

“Vitanda nimevihesabu,” alisema. “Sita. Asante, ndugu yangu. Na huyo mama, mwambie ukweli tunakotoka. Akiongeza elfu mbili tatu, nitalipa. Nishaona ninachokilipia.”

Kesho yake nilimpigia mama yule nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bei tulishapatana.